Binti Asiyedaiwa Siku

Mwaka ule Ramadhani ilipokwisha, binti wa dada yangu hakudaiwa hata siku moja. Nyumbani kwetu Mikindani ni desturi kwamba baada ya sikukuu wanawake hukaa barazani na kuhesabu siku ambazo kila mmoja hakufunga kwa sababu ya hedhi na ambazo sharti azilipe: huyu anadaiwa saba, yule tano, mwingine sita, na bibi huiweka hesabu hiyo kichwani mwaka mzima ili awakumbushe wenye deni kabla mwezi mwingine haujaandama. Binti alikuwa na miaka 17 na alikuwa amefunga mfululizo, mwanzo hadi mwisho. Tulimsifu. Bibi alimwombea dua mbele yetu sote. Mimi, ambaye nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za mkoa huu wa Mtwara kwa miaka 16, nilimpa doti ya khanga kwa kumpongeza, wala haikunijia akilini kujiuliza imekuwaje msichana wa umri ule amalize mwezi mzima bila kuingia mwezini.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Ameyasoma kabla yako, akaniomba jambo moja: uzito wake usitajwe popote, kwa sababu wagonjwa wenzake huzisoma namba hizo kama mashindano. Nimemtii, kwa hiyo namba utakazozikuta humu ni za mifupa, za moyo na za utafiti.

Ugonjwa wake unaitwa anoreksia nevosa. Jina hilo humaanisha kukosa hamu ya kula, nalo linapotosha, kwa kuwa mgonjwa husikia njaa, tena kali. Huota chakula, huwapikia wenzake kwa bidii na kukaa akiwatazama wakila. Kinachomzuia ni hofu ya kunenepa ambayo imekwisha kuota mizizi hadi imekuwa na sauti kubwa kuliko tumbo lenyewe. Daktari William Gull wa London aliupa ugonjwa huo jina hilo mwaka 1873, mwaka uleule ambao Charles Lasègue naye aliueleza huko Paris, na tayari katika maandishi ya Gull unasoma habari za moyo unaopiga polepole na hedhi zilizokatika. Mifupa haikuingia katika hesabu. Ilipita zaidi ya miaka 100, hadi mwaka 1984, ndipo Nancy Rigotti na wenzake huko Boston walipochapisha vipimo vya mifupa vya wanawake vijana wenye anoreksia na kuonyesha kwamba ilikuwa imepoteza madini mengi, na kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kuvunjika pingili za mgongo.

Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Dada yangu alipotambua kwamba pakiti ya pedi iliyonunuliwa mwanzo wa muhula imerudi nyumbani haijafunguliwa, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa mimba. Binti alipimwa mara mbili, na mara zote mbili majibu yalikuwa hakuna, lakini aibu aliyoipata siku zile, ya kushukiwa na watu wake mwenyewe kwa jambo ambalo hakulifanya, ilimfunga mdomo kwa muda mrefu. Baada ya hapo tulidhani minyoo, kisha vidonda vya tumbo, kisha jirani mmoja akasema ni jini mahaba na akatuelekeza kwa mtu. Mahali pamoja pa tiba, ambapo sitapataja, walimpa vidonge vya uzazi wa mpango ili kurudisha siku zake, na kweli damu ikawa inatoka kila pakiti inapofika mwisho. Tulishukuru. Kwa miaka miwili tulilala usingizi tukiamini kwamba lililokuwa limeharibika limetengenezwa.

Halafu ikaja ndoo. Ilikuwa asubuhi ya Januari, naye alikuwa na miaka 20. Aliinama uani kuinua ndoo ya maji ya lita 20, kama alivyofanya tangu utotoni. Hakuteleza wala hakuanguka. Anasema alisikia kitu kama kijiti kikavu kikikatika katikati ya mgongo, akaishusha ndoo taratibu ili maji yasimwagike, kisha akasimama ameegemea ukuta hadi mama yake alipotoka jikoni na kumkuta amekuwa mweupe midomoni. Kwenye picha ya eksirei pingili moja, pale mbavu zinapoishia, ilikuwa imebonyea upande wa mbele kama kipande cha sabuni ya mche kilichobonyezwa kwa kidole gumba.

Daktari aliyetuonyesha picha ile alikuwa kijana. Aliuliza kama binti amegongwa na pikipiki. Tuliposema hapana, ni ndoo tu, alinyamaza, akamtazama binti kwa muda, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyelikamilisha: "Dada, ukiviacha hivyo vidonge, siku zako unaziona?"

"Sizioni," alijibu. "Tangu kidato cha tatu."

Darasani huwa naonyesha kipande cha tumbawe ninapofika kwenye mada ya mifupa. Mikindani imejengwa kwa mawe hayo, na mtoto akikishika mkononi anaona mwenyewe jinsi kitu kinavyoweza kuwa na matundu mengi ndani na bado kikabeba nyumba ya ghorofa kwa miaka mingi. Pingili za mgongo ziko hivyo: ganda jembamba kwa nje, na ndani vijiti vidogo vilivyoshikana kama sega la nyuki. Sehemu hii ya mfupa yenye matundu ndiyo inayofanyiwa matengenezo kwa kasi zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayoharibika mapema zaidi. Mfupa uko hai. Zimo seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga, usiku na mchana, kama nyumba zetu za miti na udongo ambazo kila mwaka kabla ya mvua mtu hubandua udongo uliolegea na kukandika mwingine. Ujana ni wakati ambapo kukandika kunashinda kubandua kwa mbali sana. Kwa wasichana, kiasi cha asilimia 90 ya mfupa watakaokuwa nao ukubwani huwa kimekwisha kuwekwa wanapofika miaka 18, na kinachobaki huongezeka kidogo kidogo hadi wanapokaribia miaka 30. Kuanzia hapo mtu anaishi kwa akiba. Anoreksia huingia, mara nyingi, katikati ya miaka hiyohiyo ya ujenzi. Mkorosho uliokosa salfa msimu huu unaweza kuzaa vizuri mwakani, lakini mfupa ambao haukujengwa kati ya miaka 15 na 19 haufidiwi wote hata mgonjwa akipona kabisa.

Nilitaka kuelewa njaa inaufikiaje mfupa, na kwa kuwa sikuelewa mara moja, nitaeleza polepole. Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo ukubwa wake hauzidi korosho moja iliyobanguliwa. Sehemu hiyo hupokea habari za akiba ya mwili, na mmoja wa wajumbe wake ni leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na ambayo iligunduliwa mwaka 1994. Mafuta yakipungua mno, leptini huanguka, nayo haipothalamasi huhukumu kwamba kuna njaa na huu si wakati wa kubeba mimba. Huacha kutuma mapigo ya homoni yanayoamsha mayai. Mayai yakilala, estrojeni hushuka. Estrojeni ikishuka, hedhi hukatika. Wengi wetu tumefundishwa kwamba estrojeni ni homoni ya uzazi, basi. Hatukuambiwa kwamba hiyohiyo ndiyo inayowazuia wabomoaji wa mfupa wasivuke mpaka, na kwamba siku inapoondoka, damu inayokosekana kila mwezi ni dalili inayoonekana ya jambo ambalo mgongoni na nyongani halionekani.

Bibi alipoelezwa hili hakushangaa hata kidogo. Alisema miaka ya shida, mihogo ilipokwisha na watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, wanawake walikaa miezi bila kwenda mwezini, na wazee walijua kwamba ni njaa, wakangoja mavuno. Kwa hiyo maarifa hayo yalikuwamo ndani ya nyumba yetu wakati wote. Tulishindwa kuyatumia kwa sababu njaa tuliyoijua sisi ilikuwa ya ghala tupu, na nyumbani kulikuwa na wali, kulikuwa na samaki, kulikuwa na sahani ya binti iliyofunikwa kawa mezani ikimngoja.

Estrojeni haiko peke yake. Ini la mtu mwenye njaa huacha kuisikiliza homoni ya ukuaji. Homoni hiyo yenyewe huwa juu kwa wagonjwa hawa, lakini kile ambacho ini hutoa kwa amri yake, kiitwacho IGF-1, ambacho ndicho huwahimiza wajenzi wa mfupa, hushuka. Kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa katika shida, hupanda, na ikikaa juu kwa muda mrefu huwadhoofisha wajenzi haohao. Kwa wasichana wadogo kabisa, ujenzi na ubomoaji vyote viwili husinzia katika miaka ambayo mfupa ungepaswa kukua mbio. Kwa waliokwisha kuwa wakubwa kidogo, ubomoaji huendelea wakati ujenzi umesimama. Na kuna jambo jingine ambalo nilipolisoma ilinibidi nilirudie mara tatu: mwili huu ambao umeishiwa mafuta kila mahali huyaongeza mafuta ndani ya uboho wa mifupa. Seli mama zilizomo humo zinaweza kuwa wajenzi wa mfupa au kuwa seli za mafuta, na katika anoreksia nyingi mno hufuata njia ya pili. Binti ambaye alikuwa akiogopa kila tone la mafuta kwenye mchuzi alikuwa akiyabeba pale ambapo hangeweza kuyaona, mahali ambapo mfupa ungepaswa kuwa.

Sasa rudi kwenye vile vidonge. Damu iliyotoka kila mwisho wa pakiti ilitoka kwa sababu homoni ya kidonge ilikatizwa kwa siku chache, na ingetoka hivyohivyo hata mwili ukiwa umelala kabisa. Tafiti zilizowapa wagonjwa wa anoreksia vidonge hivyo hazikuonyesha kwamba mifupa yao inalindwa, na sababu mojawapo ni kwamba estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini na kuishusha zaidi ile IGF-1 ambayo tayari iko chini. Sina ugomvi na vidonge vya uzazi wa mpango kwa kazi yake. Ninacholalamikia ni kwamba dalili moja ya wazi, ambayo ingeweza kumfanya mtu yeyote asimame na kuuliza, ilifunikwa pazia kwa miaka miwili, na nyuma ya pazia hilo mgongo wa mtoto wetu uliendelea kuliwa.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima wanawake 130 wenye anoreksia, ukakuta zaidi ya 9 katika kila 10 mifupa yao imepungua mahali pamoja au zaidi, na karibu 4 katika kila 10 wamefikia kiwango ambacho kwa bibi wa miaka 70 kingeitwa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kwa urahisi. Mwingine, uliochapishwa mwaka 1999, uliwafuatilia kwa miaka mingi wagonjwa zaidi ya 200 wa mji wa Rochester, Minnesota, ukaonyesha kwamba hatari yao ya kuvunjika ilikuwa karibu mara 3 ya watu wengine, na kwamba mivunjiko mingi ilitokea miaka mingi baada ya ugonjwa kutambuliwa. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Umetaboli, yaani jumla ya kazi za mwili za kutumia na kutunza nishati, ulikuwa umetupa dalili nyingine ambazo nazo tulizipita. Desemba, wakati ambapo hapa Mtwara hata usiku mtu anajipepea, binti alivaa sweta. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Mgongoni na mikononi vilimwota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, na mama yake alidhani ni mafuta fulani ya kujipaka yaliyomdhuru. Jioni moja, baada ya ajali ya ndoo, nilishika kifundo cha mkono wake nikahesabu mapigo ya moyo nikitazama saa ya ukutani: 44 kwa dakika, hali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa na 60 hadi 100. Nikadhani nimekosea. Nikahesabu tena, na tena.

Mwili wenye njaa hubana matumizi kama familia inayopunguza taa. Kati ya mwaka 1944 na 1945 mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya njema, akawalisha karibu nusu ya chakula walichokizoea kwa majuma 24, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakiteketea kwa njaa vitani. Nishati iliyotumiwa na miili yao wakiwa wamepumzika ilishuka kwa kiasi cha asilimia 40. Walisikia baridi wakati wa joto, mioyo yao ilipiga polepole, walipoteza hamu ya mambo yote isipokuwa chakula, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Hawa hawakuwa na hofu ya kunenepa wala ugonjwa wowote wa akili walipoanza. Mengi tuliyoyaona kwa binti na kuyaita tabia yalikuwa kazi ya njaa yenyewe. Tezi ya shingo hupunguza homoni yake inayofanya kazi, T3. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, ndiyo maana alilalamika kwamba ameshiba baada ya vijiko vitatu, na alikuwa anasema kweli. Na lehemu katika damu, kinyume na mtu anavyotarajia, mara nyingi hupanda. Dada yangu aliwahi kurudi na karatasi ya maabara na ushauri kwamba binti apunguze mafuta katika chakula. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na mtu aliyesoma namba bila kumwangalia mwenye namba, na binti aliutumia kama hati ya kisheria kwa miezi mingi.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na ambalo lingeweza kumuua mikononi mwetu, ni hatari ya kulisha kwa pupa. Siku tulipopata hatimaye jina la ugonjwa, dada yangu alirudi nyumbani akapika kila kitu: supu ya kongoro, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Daktari yule kijana alikuwa amekwisha kutuonya kwa ukali ambao dada aliuona ni ukosefu wa adabu. Mwili uliozoea njaa ukipewa ghafla vyakula vingi vya wanga, insulini hupanda, na seli huvuta kwa nguvu fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka katika damu. Fosfeti ikianguka mno, moyo na misuli ya kupumulia hushindwa kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafungwa waliokombolewa walikufa hivyo, wakiwa na chakula mbele yao. Binti alilazwa. Chakula chake kilipandishwa kwa hatua, alipewa vitamini B1 kabla, na damu yake ilipimwa kila siku katika juma la kwanza. Dada yangu alikaa kando ya kitanda akiwa na hotipoti aliyokatazwa kuifungua, na sijawahi kumwona akiteseka vile.

Mwezi wa pili likaja la kinyume chake. Alikula, tena sana, mbele ya macho yetu, na mizani ikagoma. Usiku alitoka jasho hadi shuka zikawa za kukamua. Dada yangu alianza kushuku kwamba chakula kinatupwa mikokoni nyuma ya nyumba, na siku moja alilisema hilo kwa sauti. Binti alinijia kwangu analia: "Mamdogo, nimekula kila kitu, na bado mnaniona mwongo." Alikuwa mkweli. Mwili unapoanza kupata chakula baada ya njaa ndefu, huwasha tena yale yote uliyoyazima, joto, moyo, matengenezo, na kwa majuma au miezi huunguza nishati nyingi kupita mtu wa kawaida wa umri wake, hata inabidi chakula kiongezwe wakati familia inadhani kimetosha. Ningependa kila mama mwenye mgonjwa wa namna hii aambiwe habari hiyo mapema, kabla hajatamka neno ambalo baadaye atatamani kulimeza.

Kuhusu mifupa yenyewe, nilikwenda Dar es Salaam pamoja naye kwa basi, kwa ajili ya kipimo cha wingi wa madini ya mifupa kiitwacho deksa. Alilala kwenye kitanda cha mashine dakika chache, hakuchomwa wala kuumizwa. Kwa kijana matokeo hulinganishwa na watu wa umri wake na jinsia yake, sifuri ikiwa ndiyo wastani wao, na hasi 2.0 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa pungufu kuliko inavyotarajiwa. Uti wake wa mgongo ulisoma hasi 2.9. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la dawa. Daktari alisema dawa ya kwanza, ya pili na ya tatu ni chakula, hadi uzito urudi na hedhi ije yenyewe bila kidonge. Zipo dawa za kuzuia ubomoaji wa mfupa, lakini hukaa ndani ya mfupa kwa miaka, na kwa msichana ambaye huenda akazaa madaktari huzitumia kwa tahadhari kubwa. Upo pia utafiti wa mwaka 2011 ulioonyesha kwamba estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, kwa kiasi kinachofanana na cha mwili wenyewe, ilisaidia mifupa ya wasichana wenye anoreksia. Hata hivyo hakuna kati ya hizo kinachochukua nafasi ya mwili ulioshiba.

Watu wengi wametushauri kalisi, na kweli msichana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kiasi cha miligramu 1,300 kwa siku, na hapa kwetu dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ufuta, maziwa na jua la bure vinaweza kumfikisha mbali. Lakini kalisi bila nishati ni kama kumwaga mawe na chokaa kwenye kiwanja ambacho mafundi wake wamefukuzwa. Mazoezi nayo, ambayo hujenga mfupa wa mtu aliyeshiba, kwa mwenye njaa humaliza akiba ya mwisho na kuleta nyufa katika mifupa ya miguu. Binti alikuwa akikimbia ufukweni alfajiri na sisi tulimwita mchapakazi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Televisheni ilipofika jimbo moja la Fiji mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wa huko, kisha akawahoji wengine mwaka 1998: waliokuwa na dalili za hatari katika ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Hao ni watu wa pwani ambao, kama sisi, walikuwa wakimsifu mwanamke aliyejaa. Binti wetu hakuanza kwa televisheni. Alianza kwa neno moja la mwalimu mbele ya darasa, shuleni, na neno hilo sitalirudia.

Ninachotamani ni kidogo na kinawezekana. Somo ninalofundisha hufundishwa kwa Kiingereza, na nadhani ndiyo maana halivuki geti la shule kuingia nyumbani. Lakini tunao wanawake ambao kazi yao tangu zamani ni kuongea na mabinti kwa lugha yetu juu ya mambo ya mwezini. Unyagoni tulifundishwa kuhesabu siku, usafi na staha. Somo wangu, yaani kungwi aliyenifunda, alikuwa mwanamke mwenye akili sana, na naamini kama angeambiwa kwamba binti mwembamba aliyekosa siku zake miezi mitatu, na mimba haipo, anaweza kuwa anapoteza mifupa, angelitia jambo hilo katika mafundisho yake na lisingesahaulika. Nimeanza kwenda kuwaona masomo wa mtaa wetu, mmoja mmoja. Wawili wamenisikiliza hadi mwisho, na mmoja wao alinikatiza katikati akaniambia yupo binti anayemfikiria.

Daktari amemkataza binti kufunga kwa sasa, na shekhe wa msikiti wetu alimjia nyumbani kumweleza kwamba mgonjwa ameruhusiwa na aya yenyewe. Lilimchoma, kwa kuwa kufunga kulikuwa ndiko kulikompa sifa. Anakula mezani pamoja na mama yake au mimi, mara tano kwa siku, na muuguzi wa afya ya akili huzungumza naye kila juma. Baada ya miezi 18 tulirudi Dar es Salaam. Mgongo ulisoma hasi 2.5. Kupanda kumepanda, kwa kasi ya kukandika ukuta kwa kijiko. Maji sasa huyachota kwa dumu la lita tano, na mdogo wake wa kiume ndiye anayebeba ndoo.

Nyuma ya mlango wa chumba chake kuna kalenda ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, yenye picha ya ghala. Juzi niliingia kutafuta sindano nikaona duara nne za kalamu nyekundu. Nilihesabu kati ya moja na nyingine, kwa kidole, kama anavyohesabu bibi: siku 41, siku 34, siku 36. Kalamu yenyewe imefungwa kwa uzi kwenye msumari uleule ulioishika kalenda.